Nyumba Isiyo na Msingi

Jikoni mwa mjane mmoja wa upande wa Limuru palitundikwa kalenda ya mwaka 2019, na katika kalenda hiyo tarehe mbili zilizungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Ya kwanza ilikuwa Machi 23, siku ambayo nguruwe wake jike alipelekwa kwa dume. Ya pili ilikuwa Julai 15. Baina ya duara na duara mlikuwa na siku 114, au kama wafugaji wanavyopenda kuhesabu, miezi 3, wiki 3 na siku 3. Kila jioni mama huyo alifuta siku moja kwa mstari, mithili ya mfungwa ahesabuye kifungo chake. Tofauti ni kwamba mfungwa huhesabu akitarajia lango kufunguliwa, ilhali yeye alihesabu akihofia usiku fulani wa mwaka uliotangulia usije ukajirudia.

Usiku huo ulikuwa wa Julai 2018. Wakazi wa Limuru wanaijua Julai yao: ukungu hautoki mashambani hadi saa nne, jua likichomoza huchomoza kwa kuibia, na mtu mzima hulala na soksi. Katika baridi hiyo nguruwe yule alizaa watoto 11 kwenye banda kuukuu la sakafu ya udongo. Kufikia siku ya tatu walisalia 4. Hapakuwa na maradhi wala mwizi. Waliangamizwa na mama yao mzazi, tena bila kukusudia. Kitoto cha nguruwe huzaliwa kikiwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi, kimelowa, hakina manyoya ya maana wala mafuta ya kutosha chini ya ngozi, nacho huhitaji joto la nyuzi 32 au zaidi. Katika banda la baridi joto hilo hupatikana mahali pamoja tu, ubavuni mwa mama. Hapo ndipo vitoto hujikunyata. Naye mama, mwenye uzito wa kilo 180, akichoka kusimama hujiegemeza ukutani, akateremka nao polepole hadi chini, na kilicho baina yake na ukuta hakina pa kukimbilia. Mjane aliviokota saba kimoja kimoja, akavitia guniani, akavizika kando ya michai kabla majirani hawajaamka. Kwake yeye havikuwa vitoto saba vya nguruwe. Ilikuwa karo ya muhula mmoja wa mwanawe chuoni.

Kwa wasomaji ambao dini yao imewaharamishia mnyama huyu, na ni wengi miongoni mwa wapenzi wa lugha hii, radhi inaombwa mapema. Habari hii ni ya mbao zaidi ya kuwa ya nyama.

Dawa ya msiba wa aina hii yajulikana: zizi la mawe, sakafu ya saruji, na chumba maalumu cha kuzalia. Lakini mjane hakuwa na ruhusa ya kuchimba hata shimo la nguzo. Mumewe alifariki mwaka 2016 bila kuacha wasia, na shamba lenyewe la ekari moja na robo lilikuwa lingali kwa jina la babamkwe. Shemeji yake alikwenda mahakamani. Mahakama nayo ikatoa amri kwamba hali ya shamba ibaki vile ilivyo hadi kesi ya mirathi itakapoamuliwa: pasijengwe, pasibomolewe, pasikatwe mti. Tangu hapo kesi ikawa ni ya kuahirishwa tu. Mjane alikaa miezi minane bila kumpeleka jike kwa dume, na huenda angekaa zaidi lau nguruwe asiyezaa asingekula sawasawa na anayezaa.

Aliyeutegua mtego huo ni fundi mmoja mzee aliyekuwa amekuja kurekebisha mlango wa nyumba. Alisikiliza kisa chote huku akitia bawaba misumari, kisha akauliza swali ambalo hata wakili hakuwa ameliuliza.

"Mama, mahakama imekataza nyumba au imekataza msingi?"

Mzee huyo alikuwa mwenyeji wa papo hapo, lakini ufundi wake haukuwa wa papo hapo. Mwaka 1968, akiwa barobaro, aliteremka Mombasa kutafuta kibarua, akaishia Mji wa Kale, mikononi mwa fundi Mswahili aliyekuwa akikarabati mashua na majahazi. Alikaa huko miaka 14. Aliporejea bara hakukuta chombo cha kuunda, kwa hivyo akaunda vitanda, milango na majeneza. Kilichobaki naye ni msamiati. Ama kuhusu mwalimu wake, mzee alikiri kwa kicheko kwamba marehemu asingeshika nyundo kwa ajili ya mnyama huyu, "lakini angalinisahihisha viungo".

Mwana wa mjane alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea elimu, Kiswahili kikiwa mojawapo ya masomo yake. Alirudi nyumbani likizoni mwezi Mei akiwa anatafuta mada ya mradi wa utafiti. Badala ya mada alikabidhiwa msumeno.

Mbao zenyewe zilikuwa mtihani. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma, iliyotangazwa Februari 2018, ilikuwa imepandisha bei ya mbao hadi mjane akashika kichwa, licha ya kwamba chama cha akina mama kilikuwa kimemkopesha. Mzee akazunguka kutafuta mbao zilizokwisha kutumika: za kumimina zege, za kreti, za ukumbi uliobomolewa. Kijana alileta kwa furaha kipande kirefu cha nguzo ya umeme alichopewa bure. Mzee akakinusa, akakisukuma kwa mguu. Nguzo hizo hutiwa dawa ya kuzuia mchwa, na nguruwe ni mnyama wa kutafuna. Kinachomshinda mchwa kitamdhuru na yeye. Kwa sababu iyo hiyo alikataa kupaka mbao za ndani oili chafu ya gari, jambo ambalo mafundi wengi hulifanya bila kufikiri. Ndani zilipakwa chokaa.

Kazi ilianza kwa magogo mawili ya mkaratusi, kila moja futi 9, yaliyochongwa upande wa mbele yakainuka kidogo kama pua ya mtumbwi. Juu yake ndipo nyumba ingekaa, na kwayo ndiyo ingeburutwa. Kijana akauliza magogo hayo yanaitwaje.

"Mkuku," mzee akajibu. "Jahazi lina mkuku mmoja. Hiki chetu kina miwili kwa sababu hakielei."

Kuanzia hapo kijana hakuliacha daftari lake mbali. Vipande vya wima vilivyoshikilia kuta viliitwa mataruma. Nyufa za mbao kuukuu zilikalafatiwa kwa matambara yaliyosokotwa na kushindiliwa kwa patasi butu, ili upepo wa Julai usipate tundu. Upande wa mlango ukawa omo, na upande wa nyuma tezi. Mzee akiagiza "niletee msumari huku tezi", kijana alijua aende wapi. Siku moja mzee alilalamika kwamba Limuru hakuna sifa. Kijana, ambaye akilini mwake neno hilo lilikuwa limefungwa pingu na vivumishi, alidhani mzee anataka kusifiwa. Kumbe alimaanisha yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini yasiingie maji. Walipaka mikuku mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, na mzee hakuridhika nayo hadi mwisho.

Nyumba ilikuwa na urefu wa futi 8 na upana wa futi 6. Paa lilikuwa la mteremko mmoja, futi 5 mbele, futi 3 na nusu nyuma, nalo lilikuwa la mabati yaliyotandikiwa mbao kwa chini. Mbao hizo si pambo. Pumzi ya mnyama ikigusa bati lililopoa hugeuka matone, na matone hayo huwaangukia walio chini usiku kucha.

Sakafu ndiyo iliyomshika kijana zaidi. Mzee aliitega iteremke kidogo kutoka mlangoni na kidogo kutoka nyuma, miteremko miwili ikutane katikati kwenye mfereji mwembamba uliotokea nje kupitia chini ya ukuta wa kando. Sakafu iliyolowa humnyang'anya mtoto joto upesi kuliko hewa baridi, hivyo mkojo ulipaswa kuondoka pasipo kungojwa fagio. Ilipokamilika mzee alimwaga kopo la maji omo na kopo jingine tezi. Maji yakateremka, yakakutana, yakatoka.

"Ngamani," mzee akasema, kisha akaenda zake kunywa chai.

Kijana alibaki amechutama. Tangu shule ya msingi alikuwa akiandika katika insha zake kwamba tezi na omo marejeo ni ngamani, akaeleza maana yake kwa wino safi, akatuzwa alama. Hakuwa amewahi kuona ngama. Aliiona siku hiyo, kilomita zipatazo 500 kutoka baharini, katika nyumba ya nguruwe.

Kuhusu vikingio vya ukutani mzee hakuwa na neno wala tajriba, na hapo mjane ndiye aliyekuwa fundi. Alijua jinsi jike lake linavyolala, bega lipi hutangulia, na mahali vile vitoto saba vilipopatikana. Akanyosha kiganja: shibiri moja kutoka sakafuni, shibiri moja kutoka ukutani, kuzunguka kuta tatu. Mbao za inchi 2 kwa 4 zikapigiliwa hapo. Mama akiteremka na ukuta, mbao humsimamisha, na chini yake hubaki uchochoro ambao kitoto hupita. Katika kona moja ya nyuma wakatenga kisanduku chenye mfuniko, mlango wake ukiwa wa kimo cha kitoto tu, kikajazwa nyasi kavu zilizokatwakatwa fupi, kwa sababu nyasi ndefu huwanasa miguu. Nyumba moja ilihitaji hali mbili za hewa: mama hupumua vizuri kwenye ubaridi, watoto wanataka joto. Jiko la makaa lilikataliwa pasi mjadala, mbao na nyasi zikiwa jirani. Waliafikiana kutumia madumu ya maji moto yaliyovingirishwa magunia.

Kizingiti nacho kilikuwa na hila yake. Kilipaswa kuwa kirefu kiasi cha kuwazuia watoto wasitoke nje siku za mwanzo, lakini mama angekivuka mara kadhaa kwa siku huku chuchu zimejaa na zinaning'inia. Mzee aliweka juu yake mti wa mviringo uliokaa kwenye vishimo viwili, ukawa unazunguka kila ulipoguswa. Tumbo lilipita juu yake bila kukwaruzwa. Katika nyumba nzima hicho ndicho kitu pekee ambacho mzee alionekana kukionea fahari. Alikizungusha kwa kidole kila alipopita.

Kijana kwa upande wake alichangia kutoka maktabani. Alikuwa amesoma juu ya wakulima wa kaunti ya McLean, jimbo la Illinois huko Marekani, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1920 waliongozwa na wataalamu wa idara ya kilimo kupambana na minyoo ya nguruwe. Mayai ya minyoo hiyo hudumu udongoni kwa miaka, kwa hivyo zizi likikaa mahali pamoja kila uzao hurithi minyoo ya uzao uliotangulia. Jike alioshwa kwa sabuni kabla ya kuzaa, chumba kikasuguliwa kwa maji moto na magadi makali, kisha mama na wanawe wakahamishiwa malisho safi yenye vijumba vya kuhamishika, wakakaa humo hadi watoto walipotimiza miezi minne. Kumbe jambo lililoanza kama ujanja wa kuikwepa amri ya mahakama lilikuwa pia kanuni ya afya. Mjane alisikiliza, akauliza kama hao Wamarekani nao walikuwa na shemeji.

Kulikuwa na hatari nyingine isiyofanyiwa mzaha. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo Montgomery aliieleza kitaalamu mwaka 1921 kutokana na visa vya humu humu Kenya, haina tiba. Hukaa kimya katika ngiri na papasi, na ikiingia kwa nguruwe wa kufugwa hufyeka zizi zima. Kwa hivyo nyumba ya kuhamishika haikumaanisha nguruwe wa kuzurura. Ua wa fito ulifungwa kwa kamba, nao pia wa kubebeka, na mabaki ya nyama yakapigwa marufuku.

Julai 4 shemeji alifika akiandamana na naibu wa chifu. Alikuwa amesikia nyundo kwa wiki kadhaa, na alikuwa na nakala ya amri mfukoni. Si mtu mwovu, na ingekuwa dhuluma kumchora hivyo. Shamba hilo lilikuwa la babake pia, na kila jengo linalosimama kabla ya hukumu huwa hoja kimyakimya.

"Mke wa ndugu yangu," akasema, "tulikubaliana hapajengwi."

"Hapajajengwa, shemeji."

Naibu wa chifu akaizunguka nyumba. Akapiga ukuta kwa kifundo cha kidole, akachungulia chini. Akauliza nguzo ziko wapi. Mzee hakujibu; alifunga kamba kwenye ncha za mikuku, akawaita vijana waliokuwa wakichuma chai shamba la jirani, akawapanga wanane. Nyumba ikagoma, ikalia, halafu ikang'oka na kuteleza juu ya nyasi zilizolowa umande, hatua tano, sita, kumi. Ilipokuwa imekaa hapakuwa na shimo wala jiwe, nyasi tu zilizolala.

Naibu wa chifu alisema kwamba yeye alitumwa kuangalia jengo, na kwamba alichokiona ni fanicha. Shemeji hakucheka. Alitazama zile nyasi kwa muda, akakunja karatasi yake, akaondoka bila kunywa chai aliyoandaliwa. Mjane aliliona hilo la chai, likamuuma kuliko la karatasi.

Julai 14 alasiri jike alianza kubeba nyasi kinywani na kuzipanga, dalili ambayo haihitaji kalenda. Usiku huo hakuna aliyelala. Kijana alipokezana na mama yake kuleta madumu kutoka jikoni, la moto likiingia na lililopoa likitoka, taa ya mkononi ikipepesuka kwenye ukungu. Wa kwanza alizaliwa saa sita na robo. Wa mwisho alifika karibu na saa kumi alfajiri. Walikuwa 12, mmoja akiwa amekufa tumboni. Kila aliyetoka alikaushwa kwa kitambaa, akaelekezwa chuchuni, na baada ya kunyonya akaonyeshwa njia ya kisandukuni. Mara kadhaa jike alisimama, akageuka, akaegemea ukuta na kuteremka. Kila mara mjane alishika mdomo, na kila mara palisikika mlio wa hasira chini ya kikingio, mlio wa kitoto kilicho hai.

Usiku wa pili mmoja alikufa. Alipatikana karibu na mwimo wa mlango, mahali ambapo kikingio kilikomea kabla ya kufika mwisho, pengo lisilozidi futi moja. Mzee ndiye aliyekuwa amekata mbao hiyo fupi. Alikuja asubuhi, akapiga magoti, akapima pengo kwa kiganja chake mwenyewe, akaunga kipande bila kusema neno, na siku hiyo alikataa malipo. Mjane alimwambia kwamba kumi ni wengi. Mzee akajibu kwamba alikuwa akihesabu yule mmoja.

Kumi hao waliachishwa kunyonya Septemba 10. Wanane waliuzwa, mkopo wa chama ukalipwa, na kilichosalia kikaenda chuoni pamoja na kijana. Mradi wake wa utafiti ulipata mada. Msimamizi aliandika pambizoni kwamba huenda mtafitiwa ameyachanganya maneno ya bahari na ya nchi kavu. Kijana akaombwa athibitishe, naye akapeleka picha.

Kesi ilitajwa mwezi huo, ikaahirishwa hadi Februari. Nyumba ilisuguliwa kwa maji moto, ikaburutwa hatua 30 hadi kona ya pili ya shamba, ikaacha nyuma mstatili mweusi wenye rutuba. Mjane akapanda matete hapo, kwa kuwa matete hayakutajwa katika amri. Siku ya pili mtoto wa shemeji alionekana nje ya ua akiwa na uzi wenye mafundo, akipima ukuta kwa mbali kama mtu anayecheza. Mzee alimwita karibu, akamshikia uzi upande wa pili. Alimwambia ampelekee babake salamu, na amkumbushe kwamba mikuku iwe ya mkaratusi na vikingio vifike hadi mwimoni.

Septemba 16 jike alipelekwa tena kwa dume. Mjane alihesabu kwa vidole, akafika Januari 8. Kalenda ya mwaka 2020 ilikuwa bado haijatoka madukani, kwa hivyo aliiandika tarehe hiyo kwa kipande cha kaa, ukutani, juu ya jiko.